Jiwe la Kijani Mbele ya Mama Mkwe

Mi najicheka kwanza, mnaweza kunifuata. Wakati ule mgodi wetu wa Mashamba ulikuwa umesimama, majirani wenye asili ya mkoa mwingine wamefukuzwa na kupakiwa kwenye treni warudi kwao, na mtaa mzima umenyamaza. Mke wangu akasema twende kwenye hifadhi ya mlimani, maana kutembea, kuona maua na kusikiliza maporomoko ni bure. Mama yake akaja na mikate. Niliikataa mchana kutwa, kwa sababu kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe.

Tulipanda tukiimba, watoto wakiruka vijito. Kando ya njia nikaona jiwe la kijani. Kazini nilikuwa mkagua mawe, na sisi jiwe tunalilamba, likilowa rangi ya kijani ya shaba inajionyesha. Nikalilamba mara tatu, nikapiga kelele: “Shaba! Hapa kuna shaba!”

Mlinzi wa hifadhi akaja mbio. “Tata, hiyo ni rangi, tulipaka sisi. Inaonyesha njia ya choo. Na bengi habafikake kule, banakojolea hapa.”

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

“Mukwe,” akasema, “na mukate yangu ulikatala!”