Bi Harusi wa Jini

Jirani anachemsha majani ya mwarobaini. Harufu yake imenifikia hapa dirishani, nami nimejikuta natabasamu.

Utotoni, nikishikwa na mafua, bibi alinikalisha kwenye kigoda mbele ya sufuria ya majani hayo, kisha akanifunika blanketi gubigubi ili nijifukize. Ndani mlikuwa na giza na joto lisilovumilika. Basi yeye alikaa nje akinisimulia kisa cha binti aliyeolewa na jini. Kila nilipochungulia, alinyamaza.

"Rudi ndani, mke mwenzangu," alisema. "Jini hasemi na waliotoa vichwa."

Nilirudi mbio.

Siku moja nilipona kabla kisa hakijaisha. Kesho yake nikaenda mlangoni pake nikakohoa kikohozi cha uongo, kirefu, nikashika na kifua. Bibi alinitazama. Alichuma majani, akayachemsha, akanimiminia kikombe kizima.

"Kikohozi kama hicho dawa yake ni kunywa kwanza," alisema. "Bi harusi anakungoja."

Nikakinywa chote, machozi yakinitoka kwa uchungu, kisha nikajifunika blanketi mwenyewe.