Nyenzo za Shaba za Pande Rentib

Watu wa Klungkung, hapa Bali, wakimsifu Pande Rentib husahau kusema kwamba mivukuto ya tanuri lake niliivuta mimi, miaka sita ya mwanzo, na kwamba bila mikono hii leo angekuwa anauza mishikaki ya kuku kando ya barabara. Kwa kuwa hakuna anayelisema, nalisema mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tano, ila macho ninayo, na haya ninayoyaandika niliyaona nikiwa nimekaa kiti cha mbele kabisa.

Rentib ni binamu yangu, mdogo wangu kwa miaka miwili na kwa mambo mengine mengi. Ana miaka hamsini na tisa. Nyusi ziliungua zamani na hazikurudi, kwa hiyo uso wake una mshangao hata akiwa amelala. Anafua patu na vyuma vya gamelani, muziki wetu wa hekaluni, shaba na bati, kama baba yake na babu yake. Maneno hana. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana.

Lakini sikio, jamani. Akiwa na miaka kumi na minne alipita nje ya hekalu wazee wakifanya mazoezi, akasimama, akawaambia chuma cha tatu kinaumwa. Walimcheka. Akaingia, akafungua bomba la mwanzi lililo chini ya chuma hicho, na ndani mlikuwa na mjusi amelala. Tangu siku hiyo hakuna kundi la wapigaji katika wilaya yetu linalonunua upatu bila yeye kuusikiliza kwanza.

Na kwetu hakuna chombo kinachofuliwa peke yake. Kila kimoja kina mwenzake, jike na dume. Sauti ya jike iko chini kidogo, ya dume iko juu kidogo, tofauti ya unywele. Ukivipiga kwa pamoja sauti inatetemeka, inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Hayo tunayaita mawimbi. Vyombo viwili vinavyolingana kabisa kwetu ni maiti wawili. Rentib aliwahi kurudisha motoni seti nzima, kazi ya miezi minne, kwa sababu mawimbi yake yalikuwa mavivu.

Sasa njoo kwa Bu Komang Astiti. Huyu alirusha ndege ndogo za injini mbili kutoka Bali kwenda visiwa vya mashariki kwa miaka ishirini na miwili, na sisi wote tunamwita Bu Kapteni, maana kwetu mama ni Bu na baba ni Pak. Halafu akapata kiharusi. Mguu wa kulia ukawa mzito. Mkono wa kulia ulibaki unashika, lakini hauleti habari. Anaweza kubeba kikombe na asijue kama kina joto au kimeshaanguka. Leseni ikachukuliwa. Nyumbani kwake pale Semarapura akajiwekea ndege ya kompyuta: skrini tatu, kanyagio, usukani, kiti kilichong'olewa kwenye ndege ya kweli.

Siku moja akaja karakana yetu na fimbo yake.

“Pak Pande, nataka nyenzo mbili.”

“Za nini?” Rentib akauliza.

“Za ndege. Za kuongezea na kupunguzia nguvu ya injini.”

Rentib akanitazama. Mimi, Lodra, ndiye msemaji wa karakana. “Bu Kapteni,” nikasema, “sisi hapa tukitengeneza kitu kikapaa, ujue tanuri limelipuka.”

Hakucheka. Akatoa mfukoni wenzo wa plastiki, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mwepesi kama mswaki.

“Hizi nilizonazo ndizo hizo. Mkono wangu hauzijui. Nasukuma, sijui nimesukuma nini. Nataka kitu kizito, mkono usiweze kukisahau.” Akavuta pumzi. “Kuna kiwanja cha ndege kinaitwa Watu Lado, huko kisiwa cha Flores. Nimetua pale zaidi ya mara mia nne. Nataka kutua mara moja tu kwa mkono huu. Sikukuu ya Galungan mpwa wangu anakuja kutoka Surabaya na gari. Ikifika siku hiyo sijaweza, anabeba mashine yote, na habari za ndege zimekwisha nyumbani kwangu.”

“Watu Lado pakoje?” Rentib akauliza. Mara mbili kufungua mdomo kwa siku moja.

“Ni mgongo wa mlima uliokatwa. Mwanzo wake korongo, mwisho wake kilima. Ukikosea ukiwa umeshaingia, hakuna kugeuza.”

Rentib alifua wiki tano. Nyenzo mbili nene kama mtwangio wa viungo, na vichwa viwili vya mviringo alivyovisugua hadi ukajiona ndani yake. Kati yake aliweka vipande vya ngozi ya nyati, ili wenzo ukae pale unapouacha usilegee. Vile vidude vinavyosoma wenzo umefika wapi tulivitoa kwenye zile za plastiki. Kuvitoa nilivitoa mimi, na kimoja tu ndicho kilichoruka kikaingia kwenye majivu, tukakipata.

Siku ya Tumpek Landep, siku ambayo kila chenye chuma hupelekewa sadaka, Bu Kapteni alizichukua kwake, akaziwekea maua na mchele kama tunavyofanya kwa pikipiki na visu. Kesho yake tukaenda kwake kuzifunga. Maua ya jana yalikuwa bado yamelala juu ya shaba.

Upande wa kompyuta ulikuwa wangu, maana mtaani kwetu mimi ndiye niliyeitengeneza printa ya ofisi. Kompyuta inataka ifundishwe kila wenzo unaanzia wapi na unaishia wapi. Unausukuma mbele mpaka mwisho, unauvuta nyuma mpaka mwisho, unabonyeza ndiyo. Nilibonyeza ndiyo bila woga. Bu Kapteni akakaa, akasukuma nyenzo zote mbili mbele ili apae, na injini zikazima.

“Pak Lodra, umeziweka kinyume.”

“Nilikuwa naijaribu kompyuta, Bu Kapteni.”

“Imefaulu. Wewe je?”

Kulikuwa na kisanduku kidogo cha kugeuza mbele kuwa nyuma. Nikakibonyeza, injini zikanguruma. Bu Kapteni akaenda jikoni kutuletea kahawa, na hapo ndipo yalipotokea.

Rentib alivaa vipokea sauti vya masikioni vya ile kompyuta, akasikiliza injini kwa muda mrefu. Uso ukamkunjamana.

“Zimekufa, Bli,” akaniambia, yaani kaka.

“Zimekufa vipi na zinanguruma?”

“Zinatoa sauti moja. Hazina mume wala mke. Ya kulia huwezi kuipandisha kidogo?”

Kuna nini nisichoweza? Kulikuwa na ukurasa wenye mstari kwa kila wenzo, unaoonyesha ukisukuma hivi injini inaitika vipi. Nikaushika mstari wa kulia, nikauinua unywele.

“Tena kidogo. Simama. Hapo.” Akafumba macho kama mtu aliyekunwa mgongo mahali asipofikia mwenyewe. “Sasa zinapumua.”

Bu Kapteni alirudi na kahawa. Hatukumwambia kitu, maana fundi haelezi kila pigo la nyundo. Akakaa, akaweka mkono wa kulia juu ya vile vichwa viwili vya shaba, na kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake yameshuka.

“Nazijua,” akasema taratibu. “Uzito wake naupata hadi kwenye kiwiko.”

Akapaa. Sikuwahi kuona mlima kwa juu. Ulikuja kwenye skrini zote tatu, wa kijani na wa kutisha, na juu yake mstari wa udongo mwekundu mwembamba kama mkeka uliosahaulika uani. Akashuka kuufuata. Pua ya ndege ikaanza kwenda kushoto. Akaivuta, ikarudi, ikaenda tena. Tukagonga ukingo. Skrini ikawa nyeusi.

Mara ya pili, kushoto tena, korongoni. Mara ya tatu alikuwa amekaza meno, ule mguu mzito unakanyaga hadi goti linatetemeka, na bado tuliteleza kushoto, tukapita nje ya kiwanja kama ng'ombe aliyekataa zizi.

Akavua vipokea sauti, akaviweka mapajani.

“Basi.”

“Bu Kapteni, mara ya nne ndiyo—”

“Pak Lodra, nyamaza. Nyenzo ziko sawasawa, naziona kwa macho. Lakini injini zinapigana, nazisikia zinavyotetemeka tangu tumepaa. Mkono wangu hausukumi sawa na wala haujui. Mpigieni mpwa wangu. Aje hata kesho.”

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi, na ndiyo iliyonikata maini.

Rentib aliweka kikombe chini. “Bu, ndege ikienda kushoto namna ile, huwa ni kwa nini?”

“Injini ya kulia ina nguvu kuliko ya kushoto.”

Nikaangalia dari. Mjusi wa ukutani alilia mara saba, nilimhesabu. Nikamsogelea Rentib, nikamnong'oneza, “Tulia. Nitaurudisha ule mstari kimyakimya. Akijaribu tena ataona amepona mwenyewe. Hakuna atakayejua.”

Mpango ulikuwa mzuri, na mpaka leo naona ulikuwa mzuri. Wewe fikiria: fundi ambaye wilaya nzima inaapa kwa sikio lake, akubali mbele ya mteja kwamba sikio ndilo lililomwangusha korongoni mara tatu. Habari kama hiyo ingefika sokoni kabla yetu.

Rentib akatikisa kichwa. Akasimama mbele yake, mikono ameikunja tumboni kama mtoto aliyevunja chungu.

“Si mkono, Bu. Ni mimi.”

Akamweleza yote: maiti wawili, jike na dume, mstari ulioinuliwa unywele. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile, hata siku ya harusi yake. Bu Kapteni alimsikiliza bila kupepesa.

“Yaani mliniharibia injini ili iimbe?”

“Nilidhani naitengeneza.”

“Na Pak Lodra?”

“Mimi nilishika kipanya tu,” nikasema.

Akamgeukia Rentib. Kisha akaanza kucheka, polepole, hadi akaishika fimbo asianguke. “Miaka ishirini na miwili, Pak Pande. Kila nikishapaa, kazi ya kwanza ni kuyaua hayo mawimbi yako. Abiria yanawauma kichwa. Na leo nimeyasikia nikasema ni mkono, ni mkono.” Akajifuta macho. “Ungeniuliza.”

“Nilikosa, Bu. Sikujua kuna watu wanaoyaua.”

Nikaurudisha mstari. Bu Kapteni akavaa vipokea sauti, nami nikafungua spika ili nasi tusikie. Akafumba macho. Kwa kidole gumba akasogeza kichwa kimoja cha shaba mbele kidogo, na mawimbi yakaja, ya haraka haraka, kama mbawa za njiwa. Akakirudisha. Yakapungua mwendo. Akakirudisha tena, kiasi ambacho jicho langu halikuona chochote kimesogea, na mawimbi yakawa marefu, marefu zaidi, moja, likachelewa, jingine, kisha hayakuja.

Ikabaki sauti moja. Ilikuwa imenyooka na pana, imejaa chumba chote, haina mwanzo wala mahali pa kuishikia. Nimepiga ngoma hekaluni miaka arobaini, hakuna mpiga ngoma anayenifikia kutoka hapa hadi Gianyar, na sauti ya namna ile nilikuwa sijaisikia. Rentib alikuwa amefungua mdomo. Yeye aliyeikimbia sauti hiyo maisha yake yote alikuwa amesimama mbele yake kama mtu aliyefunguliwa mlango wa hekalu asilolijua.

“Haijafa,” akasema, bila kumwambia mtu.

Bu Kapteni alikuwa bado amefumba macho. Akasogeza tena, mawimbi yakaja. Akarudisha, yakaondoka. Akafanya hivyo mara nne, tano. Machozi yalikuwa yanashuka lakini uso ulikuwa wa kazi.

“Najua mkono wangu uko wapi,” akasema. “Shaba inaniambia nimeshika. Mawimbi yananiambia nimekosea kiasi gani.”

Akapaa.

Safari hii mlima ulipokuja sikutazama skrini, nilitazama mkono. Kila alipopunguza nguvu mawimbi yaliingia chumbani, na kila yalipoingia kidole gumba kiliyafuata, kikayarefusha, yakalala. Korongo likapita chini yetu. Nilishikilia mguu wa kiti chake, mimi niliyekaa sakafuni Semarapura. Udongo mwekundu ukapanuka. Pua haikwenda kushoto. Ilikuja moja kwa moja, ikainuka kidogo kama ng'ombe anayenusa, na magurudumu yakagusa. Yakaruka. Yakagusa tena, yakakaa. Ndege ikapanda kile kilima ikipunguza mwendo hadi ikasimama, na mbele yetu kulikuwa na kibanda cha bati na kitambaa cha upepo kinachopepea.

Akavuta nyenzo nyuma. Mapangaboi ya injini yakasimama, moja, kisha la pili.

Rentib aliuliza kwa sauti ya hekaluni, “Tumefika?”

“Tumefika, Pak Pande.”

Alikaa hivyo, mkono juu ya shaba, akikitazama kile kibanda. Sisi hatukuthubutu hata kuinua vikombe. Mwishoni akageuka kwangu.

“Pak Lodra, mpigie mpwa wangu. Mwambie Galungan aje kula lawar. Gari aache Surabaya, apande basi.”

Nilipiga. Nilikosea namba mara mbili, na yule kijana alipopokea na kuuliza shangazi yake ana nini, mimi msemaji wa karakana nikampa Rentib simu.