Toa Yenye Inanikata

Mwanangu, kati ya siku zote za ujana wangu ipo moja ambayo ikinirudia hata leo nasimama kwanza nishike ukuta. Ni ile jioni niliyoingia karakana ya baba mdogo pale Kabiria, Nairobi, nikakuta gitaa langu la besi limelazwa juu ya meza ya kazi, limepakwa vanishi, linang'aa kama kabati la bibi arusi, na shingoni mwake hakuna hata chuma kimoja.

Nasema hakuna. Unazijua freti, vile vyuma vyembamba vinavyopita shingoni mwa gitaa kama ngazi, ambavyo mpigaji hubania nyuzi ili sauti itoke pale anapotaka. Zote zilikuwa zimeng'olewa. Mahali pake palikuwa pamezibwa na kupigwa msasa hadi pakawa laini kama mgongo wa mwiko.

"Unaonaje?" baba mdogo akaniuliza. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope, na alikuwa akitabasamu kwa uso mzima.

Sikuona chochote. Nilikaa chini juu ya maranda, na yeye akadhani nimezidiwa na furaha.

"Nilijua utashangaa," akasema.

Nikuambie gitaa lenyewe lilitoka wapi, maana najua utauliza ni la kampuni gani, kama mnavyoulizana siku hizi. Halikuwa na jina. Nilikuwa nafanya kibarua cha kukata nyasi kwenye boma moja kule Karen. Wenyewe walipokuwa wakihama, waligawia wafanyakazi vitu. Mpishi alichukua jiko, mlinzi akachukua kitanda, mimi nikaomba lile gitaa lililokuwa limesimama kwenye kona ya stoo bila mfuko. Nilirudi nalo Kabiria nimelifunga kwenye blanketi, watu wakidhani nimebeba mgonjwa.

Lilikuwa na shingo ndefu, nyuzi nne nene na pikapu mbili. Hapa ngoja nicheke kidogo. Nilipomwambia baba mdogo kwamba gitaa hili lina pikapu mbili, aliangalia nje mlangoni akaniuliza, "Zimeegeshwa wapi?" Nikamweleza kwamba pikapu za gitaa ni zile sumaku zilizozungushiwa waya, zinazokaa chini ya nyuzi na kupeleka mtikisiko kwenye spika. Akasema, "Basi hiyo ni pikapu ndogo sana."

Ndiye aliyenitoa nyumbani Vihiga na kunilaza kwake, mwanangu. Nilikula kwake, nikaoga kwake, na kelele zangu za besi akazivumilia kwenye nyumba ya mabati ambapo hata kikohozi cha jirani kilikuwa chetu sote. Kwa hiyo unapomhukumu, mhukumu polepole.

Kosa lilianzia kwenye neno. Mbao za shingo ya gitaa zikikauka hunywea, lakini chuma hakinywei. Basi ncha za freti hutokeza pembeni na kuwa kali kama wembe. Kiangazi kile zangu zilitokeza, na kila nikiteremsha mkono shingoni zinanichana vidole. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa kibarua, nikampa baba mdogo gitaa nikiwa tayari mlangoni. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha Nairobi: "Baba mdogo, hapo kwa shingo, toa yenye inanikata."

Mimi nilikuwa na maana ya ncha. Kupiga tupa kidogo tu pembeni, basi. Lakini yenye inanikata, yaani ile inayonikata, ni nini? Ukimuuliza seremala, jibu ni kile chuma. Na seremala akiona chuma kimetokeza kwenye kiti kikararua suruali ya mtu, hapigi tupa. Anang'oa.

"Zilikuwa ngumu!" akaniambia jioni ile. "Ingine imekataa kabisa, nikaiwekea magoti. Alafu nimejaza hizo mifereji na gundi na vumbi ya mbao. Pitisha mkono uone kama itakukata tena."

"Ziko wapi, baba mdogo?"

"Nini?"

"Hizo vyuma."

"Ah! Zilipita na mtu wa vyuma kuukuu. Kwani ulikuwa unazitaka za nini?"

Nilikuwa nimewaza kwamba pengine zingerudishwa. Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujaribiwa. Mzee mmoja tuliyemwita Mzee Indeche alikuwa na bendi iliyopiga kwenye mkahawa mmoja wa Westlands kila wikendi. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimeanza kukakamaa, akawa anatafuta kijana wa kushika besi. Kwangu hiyo ilikuwa njia ya kuachana na kukata nyasi. Sikuwa na njia nyingine.

Sikumwambia baba mdogo ukweli. Nilijua nikifungua mdomo ningesema neno ambalo nisingeweza kulirudisha, na ningelisema nikiwa chini ya paa lake. Nilisema tu, "Asante," na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Naye akafurahi hata zaidi, akatangaza kwamba kesho atanisindikiza. Kazi ya mkono wake inaenda Westlands, angeachaje kuiona?

Kesho yake mchana akavaa koti lake la kanisani, tukaenda.

Mkahawa ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, mtu akipiga deki. Wanabendi walikuwa jukwaani wakifunga nyaya. Nilipofungua blanketi, yule wa ngoma aliweka vijiti chini.

"Niaje, msee. Hiyo ni gitaa ama umetuletea meza ya kahawa?"

"Ebu iweke hapo katikati," akasema yule wa gitaa la solo, "tuweke soda juu."

Wakacheka. Mimi nikatazama sakafu. Mzee Indeche alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma. Yeye hakucheka. Alilichukua gitaa, akapitisha kidole gumba shingoni juu na chini.

"Ni nani amefanya hii kazi?"

Nikamsikia baba mdogo nyuma yangu akikohoa, akasogeza koti vizuri. "Ni mimi, mzee."

Mwanangu, nilitamani sakafu ile ifunguke. Si kwa kumwonea aibu tu, ila niliona jinsi alivyosimama, kifua mbele, akingoja kusifiwa. Wale vijana walikuwa wanamtazama kama watu wanaongoja kichekesho kianze.

Mzee Indeche akachomeka waya, akapiga polepole. Loo! Ile sauti! Sijui nikueleze vipi. Besi yenye freti husema neno moja moja, kama mtu anayehesabu. Ile isiyokuwa nazo huteleza, inaguna, inaanza neno chini na kulimalizia juu, kama mzee anayekubali jambo shingo upande. Mimi nilishtuka kwamba sauti ile ilikuwa ndani ya gitaa langu na sikuwahi kuisikia.

"Zipo besi za aina hii," Mzee akawaambia wenzake. "Watu wanazitengeneza makusudi. Fundi, umezifikia bila kujua." Kisha akanigeukia. "Haya, piga."

Nikapiga, ikatoka chachu. Kila sauti ilikuwa chini kidogo au juu kidogo ya mahali pake, na wa solo akakunja uso kama aliyeuma limau. Nilisimama kabla wimbo haujafika katikati.

"Haiwezekani, mzee," nikasema. "Freti zilitolewa jana. Kama zingekuwepo ungenisikia mimi mwenyewe."

Sikumtaja mtu. Lakini baba mdogo si mjinga. Nilimwona akimtazama Mzee, akanitazama mimi, halafu akatazama mikono yake. Lile tabasamu likaanza kuondoka, si mara moja, kidogo kidogo, kama maji yanayoingia mchangani.

"Kumbe nimekuharibia," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Nilijua nikisema hapana nitakuwa nadanganya, na nikisema ndiyo nitamvunja. Nikaanza kulikunja blanketi.

Mzee Indeche akashusha besi yake mwenyewe, yenye freti zake zote. "Basi tusimlaumu fundi bure. Hii ni yangu. Kunywa maji kwanza, jikoni kuna mtungi, halafu uje utupigie."

Nikaenda, nikanywa, nikarudi na moyo mpya. Nikashika ile besi yake. Tukapiga rumba ya polepole, na niliijaza, mwanangu! Vidole vilikimbia, nikaongeza madoido, nikacheza na bega. Nilipomaliza nilimwangalia wa ngoma nikitarajia atikise kichwa. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Umesikia nini?" Mzee akaniuliza.

"Imekuwa poa, mzee."

"Uzi wa tatu?"

"Uko sawa."

"Niliulegeza ulipokwenda kunywa maji." Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wote hapa wameusikia. Hata mama wa deki ameinua kichwa. Umepiga wimbo mzima na uzi mmoja umelala, na hukujua."

Nikaugusa ule uzi. Ukalia kama ng'ombe mgonjwa. Miaka yote niliyojiita mpiga besi!

"Wewe ulikuwa unakanyaga vyuma, kijana," akaendelea. "Vyuma vilikuwa vinakusikilizia. Jana vimeondoka, leo tumekuona ulivyo." Akamgeukia baba mdogo, akamshika bega. "Fundi, usiende nyumbani na huo mzigo. Hukumharibia kitu. Hili alikuja nalo."

Nafasi sikupata. Alipewa kijana mwingine, na aliipiga vizuri; nilikwenda kumsikiliza nikakubali.

Siku ile tulitembea na baba mdogo hadi tulipoona taa za Kawangware. Mimi bado nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na hajui limetoka upande gani. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Sasa hiyo kitu inafundishwa? Hiyo ya kusikia?"

"Sijui, baba mdogo."

"Mimi kwaya nilifundishwa. Mwalimu alikuwa anatupiga na kitabu ya nyimbo." Akafikiri kidogo. "Nikiimba, wewe unaweza kunitafuta huko kwa shingo?"

Ndivyo nilivyojifunza besi. Yeye akiranda mbao anashikilia sauti moja, na mimi nikiitafuta kwenye shingo isiyo na alama, macho nimefumba. Nikikosa alisimamisha randa na kusema, "Uko kwa jirani. Rudi nyumbani." Siku niliyompata mara ya kwanza sauti zetu zilishikana hadi bati likatetema. Alipiga kelele mpaka mama mdogo akaja mbio kutoka jikoni akidhani amejikata mkono.

Tangu hapo nimezunguka, mwanangu. Sina miguu ya kukaa. Nimepiga Kisumu, Eldoret na Mombasa, makanisani na kwenye arusi, na besi nyingi zimepita mikononi mwangu: za shingo fupi zenye sauti ya duara, za shingo ndefu zenye sauti iliyonyooka, nzito za kuvunja bega, nyepesi kama toi la mtoto. Nawaona mkibishana kwenye simu usiku kucha kama ni mti unaoleta utamu, au ni sumaku, au ni nyuzi. Mti una neno lake, lakini dogo. Nyuzi mpya hupiga kelele, zilizozeeka huongea. Ukipiga karibu na mkia, pale nyuzi zinapofungwa, sauti hukauka, ukipiga karibu na shingo hunenepa. Yote hayo ni kweli na unaweza kuyajua yote, kisha uzi ukalala na usisikie. Mimi nilikuwa hivyo.

Basi nakuambia hivi. Kabla hujanunua besi nyingine, imba kwanza ile sauti unayoitafuta. Ukishindwa kuiimba, hakuna duka litakalokuuzia. Siku moja moja zima kila kitu, weka meno au taya kwenye pembe ya gitaa, usikilize mbao zenyewe zinavyotetema. Ukimpa fundi kazi, kaa chini umwonyeshe kwa kidole. Usimrushie neno kutoka mlangoni halafu umdai maana yake jioni. Na mtu wa kwenu akikuharibia kitu kwa kukupenda, nyamaza hadi moyo utulie, kisha uchunguze kama kilichoharibika kilikuwa kwenye kile kitu au kilikuwa kwako tangu zamani. Mimi nilinyamaza kwa woga tu, si kwa busara, lakini hata ule woga nashukuru niliupata. Ningesema yaliyokuwa kinywani jioni ile, ningekuwa na shingo laini na nisiwe na mtu wa kuniimbia.

Mungu akupe sikio kabla ya kukupa kipaji. Akujalie uzi usikatike ukiwa katikati ya wimbo. Na watu wa nyumbani kwako wasiogope kamwe kushika kitu chako wakitaka kukutengenezea. Amina, mwanangu.