Hata Mvua ya Mawe Ikinyesha

Nilimwambia mtendaji wa kijiji afute mstari kwenye mkataba, naye akaufuta mbele ya mashahidi. Ujinga huo ni wangu mwenyewe. Sikuwa nimelewa wala sikulazimishwa.

Mkataba ulikuwa wa pombe ya ndizi. Mama mmoja wa Nyabusozi, kule Biharamulo, alikuwa anamwoza kijana wake, akasikia kuna mtu Nyamiaga anayekamua pombe nzuri. Mtu huyo ni mimi, kwa kuwa kazi hiyo hainilazimu kutoka nyumbani. Tulikubaliana madumu arobaini, na nisipoyaleta, ng'ombe wangu wa maziwa anakwenda kwake. Nina ng'ombe mmoja tu. Mtendaji akaandika: isipokuwa litokee jambo lililo nje ya uwezo wa mtu. Hapo nikaona ananidharau, mimi na shamba la migomba alilopanda baba na ambalo kazi yangu kubwa imekuwa kulitazama.

"Futa hiyo," nikasema. "Andika, hata mvua ya mawe ikinyesha."

Yule mama alinitazama, akaweka sahihi haraka kuliko nilivyotarajia.

Ikanyesha. Zilibaki wiki tatu harusi ifike, na haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Ilipokatika, migomba ilikuwa imelala, majani yamechanika nyuzi nyuzi, mikungu iliyokaribia kukomaa iko chini. Ilipona michache nyuma ya jiko, ilikokingwa na paa. Ng'ombe alikuwa anatafuna migomba iliyoanguka, amefurahi, hajui kuwa yeye ndiye anayezungumziwa.

Mpango wangu ulikuwa kukaa kimya. Labda harusi ingeahirishwa. Labda yule mama angesahau. Siku ya tatu jirani yangu, mjane ambaye migomba yake nayo ililala, akanikuta barazani.

"Umemwambia mwenye harusi?"

"Atasikia."

"Atasikia kwa nani, kwa ng'ombe?"

"Biharamulo mbali, dada."

"Wakija kumchukua huyo ng'ombe, hawataona ni mbali."

Kesho yake nikapanda gari, na barua ya mtendaji mfukoni kuthibitisha mvua, na mkungu mmoja uliopigwa mawe ndani ya gunia. Abiria walidhani napeleka zawadi.

Nilimkuta yule mama anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona huna madumu?"

Nikafungua gunia. Akaugeuza mkungu, akabonyeza ndizi zilizotobolewa, akaisoma barua mpaka mwisho. Halafu akacheka hadi akaweka ungo chini.

"Si ulisema hata ikinyesha?"

"Nilisema, mama."

"Nilijua unajisifu. Nikakuacha tu, maana ng'ombe wako nilimpenda."

Akaendelea, "Ungenijia siku ya harusi, ningemchukua. Sasa umewahi, nina muda wa kuwaambia wenzangu hapa waloweke mtama wa pombe. Kwako kimebaki nini?"

"Madumu manne hivi."

"Hayo manne ulete. Yatakuwa ya wazee."

Tulikwenda na nakala yake ya mkataba kwa mtendaji wa kwao, naye akaandika, chini ya yale maneno yangu ya kijinga, kwamba mvua ya mawe imeharibu shamba, madumu sasa ni manne, ng'ombe hadaiwi, na pande zote zimeridhika. Niliweka sahihi bila kuongeza neno, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Niliposhuka Nyamiaga nilimsikia ng'ombe akilia, anataka kukamuliwa. Siku nyingine kelele hiyo hunikera. Jioni ile nilisimama njiani nikaisikiliza. Nikamkamua, nikampelekea jirani kikombe cha maziwa, nikaanza kumsimulia jinsi nilivyojadiliana na yule mama kwa hekima.

Alikunywa yote, akafuta mdomo, akasema:

"Hukujadiliana chochote. Umehurumiwa. Siku nyingine wakikuletea karatasi, mdomo wako nao uukalishe nyumbani, kama unavyoikalisha miguu."