Darajani Hapahesabiwi Watu

Nilipokuwa mtoto, reli ya bonde la Ruzizi ilikuwa imeshang'olewa zamani, lakini daraja lake moja karibu na Sange lilikuwa bado linaogopwa. Kila likizo kubwa tulitoka Bukavu kwenda kwa koko, mama yake mama yangu. Kufika shambani kwake tulifuata tuta la reli, lililokwisha kumezwa na nyasi, kisha tukavuka mto juu ya vyuma viwili vyenye kutu vilivyotandikwa mbao. Barabara ilikuwepo, ila ilizunguka mno, na koko hakuwa mtu wa kuzunguka.

Habari za daraja alizipata kwa marehemu babu, aliyekuwa kibarua wa kulijenga. Kila asubuhi msimamizi Mzungu aliwapanga vibarua pale juu na kuwahesabu kama mbuzi, na mto nao ukawa unasikiliza. Siku moja hesabu ikapungua mtu, mto umemchukua. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuhesabu watu darajani. Aliyejisahau alirudi mwanzo wa daraja akamwita kila mmoja kwa jina lake, ili mto ujue kwamba wale ni watu wenye kwao.

Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza nimejifunza kuhesabu kwa Kifaransa, na nilihesabu kila kitu mpaka nikawachosha watu. Asubuhi hiyo koko alitangulia, mdogo wangu Furaha ameshika kitenge chake, kisha mama, na mimi nyuma kabisa.

"Un, deux, trois." Sauti ilinitoka kabla sijafikiri.

Koko akasimama. "Ni nani anahesabu?"

Nikanyamaza. Furaha, aliyetaka kujua kila nilichojua mimi, akajibu kwa majivuno: "Ni mie, koko!"

"Basi rudi mwanzo. Uite watu majina."

Akarudi mbio, akaita: koko, maman, na yaya, yaani mimi dada yake. Jina lake mwenyewe alilisahau, tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimeponea chupuchupu.

Kabla likizo haijaisha Furaha akashikwa na homa. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, wakamtundikia chupa ya serumu ya mshipani, na asubuhi ya tatu akafariki. Sijui niandike vipi. Alikuwa na miaka minne tu.

Kwenye kilio mama alimgeukia koko mbele ya watu. "Ni wewe ulitupitisha kule! Barabara iko, ukaikataa!"

Koko hakujibu neno. Tulirudi Bukavu na mama hakukanyaga Sange tena. Hata koko alipougua na kufa, mama alituma kitenge cha kumzikia, mwenyewe akabaki nyumbani. Nami niliendelea kunyamaza, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikawa mtu mzima mwenye diploma, ninayejua vizuri kwamba malaria haingoji watu wahesabiwe.

Mwaka huu nilishuka Sange peke yangu. Daraja halipo. Vyuma vilikatwa vikauzwa, tuta limelimwa mihogo, na vijana niliowauliza hawakujua kama treni iliwahi kupita hapo. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha pale nilipohesabia, nikakosa hata mahali pa kusimama.

Niliporudi nilimkuta mama anachambua mboga za lengalenga. Nikakaa karibu naye.

"Maman, siku ile ku daraja, ni mimi nilihesabu."

Hakuinua macho. "Najua. Nilikuwa mbele yako, nilikusikia."

"Sasa mbona ulisema ni koko?"

"Nilikuwa nimebakia na mutoto moja. Watu wangetafuta ni nani alihesabu, wangesema ni wewe uliua mudogo yako. Ungeishi namna gani?" Akatupa shina moja kando. "Koko naye alijua ni sauti yako. Aliniangalia tu, akaacha niseme."

Kisha mama akalia, nami nikalia, mboga zikabaki mapajani mwake.

Siamini kwamba mto ulimchukua mdogo wangu kwa sababu ya hesabu yangu. Nimesoma, nimelea watoto wangu, najua homa ilivyo. Lakini mwanamke mmoja alibeba lawama yetu sote akafa bila kumwona binti yake, na hilo tulilifanya sisi wenyewe, mimi na mama.