Sufuria Zilizogoma Kusomeka

Chekeni taratibu basi, maana aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hadi leo nikiwa Iringa sipiti mbele ya kanisa lile, nazunguka nyuma ya maduka kama mtu mwenye haraka zake.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nachukua sufuria za alumini kwa fundi mmoja Mbeya, aliyezing'arisha kwa gurudumu la kitambaa na nta, nazipakia kwenye lori mpaka Iringa. Mimi sikuwa mtu wa kuuziwa takataka (ndivyo nilivyojiona), nilikuwa na kipimo changu: unasimamisha ukurasa wenye maandishi karibu na ubavu wa sufuria, unaangalia taswira yake kwenye mng'ao, herufi zikionekana kali, hata kama zimegeuka, hiyo ni daraja la kwanza, zikiwa na ukungu, irudi kwa fundi. Kila sufuria niliikagua, halafu nikaikagua tena. Kipimo hicho nikawafundisha na akina mama sokoni, bila kuombwa, ili wasinunue kwa mshindani wangu Sanga, ambaye zake zilikuwa na ukungu kidogo. Akili hizo!

Basi akina mama wa kanisa wakatangaza kwamba wanatafuta sufuria kubwa za jiko la shule yao ya bweni. Atakayechaguliwa ndiye atakayewauzia daima, na mimi nilishachoka kutandaza gunia chini sokoni.

Siku moja kabla ya ukaguzi nikaona sufuria zangu zimegandwa na vumbi la njiani. Sabuni ilikuwa ya kununua. Magadi ya maharage ya mama mwenye nyumba yalikuwa ya bure. Nikayakoroga kwenye maji ya moto, nikazitumbukiza. Zikaanza kutoa povu zenyewe, nami nikajipongeza kwamba uchafu unatoka. Uchafu gani! Ulikuwa mng'ao unaniaga. Zilitoka za kijivu, zimefifia kama mbingu ya masika. Mtu mwenye busara angeahirisha. Mimi nikatafuta samli, nikazipaka zote, zikang'aa kama bwana harusi.

Jumapili baada ya ibada tukazipanga uwanjani, mimi huku, Sanga kule, watu wamejaa.

"Kamwene, kijana wa Mbeya," akanisalimu kwa Kihehe Mama Mchungaji, mkubwa wa akina mama wale.

"Kamwene, mama."

Akasimamisha ukurasa wa kitabu cha nyimbo, akainama. Jua lilishapanda, samli ilishaanza kushuka.

"Mbona herufi zinatembea?"

"Ni aina mpya, mama. Mng'ao mtulivu, hauumizi macho."

Akapangusa kwa leso yake nyeupe. Ikatoka nyeusi tii.

"Mwenzangu," Sanga akapaza sauti, "hizo unauza au umeshapikia?"

"Mwache," akasema Mama Mchungaji, kwa upole ambao ningeujua maana yake ningekimbia. "Labda ni macho yetu ya uzee. Tusomee wewe, mwanangu."

Akasimamisha karatasi, maandishi yakitazama sufuria, mimi nikibaki na mgongo wake mtupu. Nikakodoa macho. Niliona kijivu, na nzi wawili. Lakini wimbo wa siku ile nilikuwa naujua kwa moyo, basi nikasoma ubeti wa kwanza wote kwa sauti ya kupendeza, na kwa kuwa mdomo hauna breki nikaongeza wa pili.

Mama Mchungaji akaigeuza karatasi watu waione. Ilikuwa orodha ya zamu za kufagia kanisa.

Kicheko kile kilisikika sokoni, nawaambia. Sanga alikaa chini kabisa, anajifuta machozi, na oda akaipata akiwa amekaa hapo hapo.

Nikaanza kukusanya mali yangu. Mama Mchungaji akashika moja.

"Hii nipe ya kuwanyweshea kuku," akasema. "Kuku hawasomi."

Akataja bei yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikubishana. Na nimeapa: kitu nisichokiona, hata nikijue kwa moyo namna gani, sitakisoma tena mbele za watu.