ETA ya Twiga Tatu

Agnela aliiogopa kazi yake, na ajabu ni kwamba hakuna aliyejua. Sauti yake haikutikisika. Madereva wa kampuni ile ya utalii walisema kwamba hata ukikwama kwenye tope la Serengeti, ukimsikia Agnela kwenye redio ya upepo unadhani amekaa kiti cha pembeni yako. Laiti wangeona anavyoikamata rozari chini ya meza!

Zamani alikuwa mpiga chapa katika shirika la umma. Biashara huria ilipoingia, shirika likauzwa, na Arusha ikaota kampuni za utalii kama uyoga. Mwenye kampuni mojawapo, mzee Aristides, akamweka Agnela katika chumba kimoja cha mtaa wa Levolosi chenye redio, ubao mweusi na dirisha dogo, akamfundisha herufi tatu za Kiingereza: ETA. Maana yake, akamwambia, ni saa ambayo mtu anakadiriwa kufika.

"Wazungu wanasema kukadiriwa," mzee alieleza. "Lakini kwangu mimi, mama, ikishaandikwa ubaoni ni ahadi. Anayechelewa, posho inapungua."

Herufi zile zikaenea kama upele. Madereva walizibeba hadi nyumbani. Wake zao, wengine hawajui neno jingine la Kizungu, walikuja dirishani kuuliza, "Dada, ETA ya baba Bariki?" Watoto wakaulizana ETA ya ugali. Muuza maziwa akichelewa, mtaa mzima ulitaka ETA ya ng'ombe wake.

Nyumba moja tu ilizikataa, nayo ni ya Agnela mwenyewe. Mama mkwe wake, bibi Pudensiana, aliyetoka Kibosho kuja kuishi nao, alizisikia mara moja mezani akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, msafiri haulizwi saa ya kufika," alisema. "Ukiitaja hiyo saa unamwambia nani? Unamwambia anayemvizia njiani."

Sylvanus, mume wa Agnela, alilelewa na maneno hayo. Naye alikuwa dereva wa kampuni ile ile, na kila alipoulizwa redioni alijibu, "Nitafika nikifika, Mungu akipenda." Kwa jibu hilo mzee Aristides angemfukuza siku ya kwanza. Basi Agnela akawa anamtungia. Kila safari alimwandikia mumewe ETA ya kubuni, na kila alipoiandika alipiga ishara ya msalaba, maana maneno ya mama mkwe aliweza kuyacheka mchana tu, tena mbele za watu.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Magari mawili ya kampuni yalikuwa yanarudi matupu kutoka Karatu: Twiga Mbili ya Sylvanus, na Twiga Tatu ya Ephraimu, Mmeru wa Akheri, mtu wa mizaha asiyejua kukataa jambo. Mchana Ephraimu aliita akasema barabara ni utelezi mtupu, atafika saa kumi na mbili. Mzee Aristides alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Agnela. Kulikuwa na wageni wa kupokelewa uwanja wa ndege jioni hiyo, na gari hakuna. Akatikisa kichwa. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto anaijua, ila mzee huyu aliona methali hailipi.

"Twiga Tatu, bosi anataka ETA nyingine, ova," Agnela akasema kwa sauti ile ile nzuri.

Redio ilikoroma kidogo.

"Haya, dada. Andika kumi na moja. Ova."

Akaandika kumi na moja. Mzee alipotoka, chini yake akaandika ya Sylvanus, kumi na mbili, ya kubuni kama kawaida. Sylvanus hakuwa amesikika tangu asubuhi.

Jioni ilipokaribia, akaja Eunike, mke wa Ephraimu, na kikapu cha ndizi. Alikuwa ameteremka sokoni, akaona heri amsubiri mumewe warudi Akheri pamoja. Alisoma ubao kupitia dirisha, akaridhika, akakaa kwenye benchi la nje.

Saa kumi na moja ikapita bila gari. Ndipo redio ikaita, na Agnela akavaa hedifoni. Alikuwa Hans, mtu wa redio wa kampuni jirani, ambaye siku zote humtania Agnela mpaka anune. Leo hakutania.

"Dada, gari yenu moja imepinduka kwenye mteremko wa Mto wa Mbu. Dereva wetu amepita pale. Anasema aliyekuwamo amefariki. Ni nyeupe, ina twiga mlangoni, namba hakuiona. Pole sana. Ova."

Zote mbili zilikuwa nyeupe. Zote mbili zilikuwa na twiga mlangoni.

Agnela aliita Twiga Mbili, kimya. Akaita Twiga Tatu, kimya. Akakamata rozari mfukoni akaomba asiwe Sylvanus. Na kwa kuwa magari yalikuwa mawili tu, alijua vizuri anachoomba. Aliogopa kuomba, na aliogopa zaidi kuacha. Kisha akakumbuka anayevizia njiani, akainuka kama mwendawazimu, akaifuta kwa kiganja ile kumi na mbili ya mumewe.

"Dada, umefuta?" Eunike akauliza kutoka nje. "Shemeji amefika?"

"Hapana. Nimekosea tu kuandika."

Alitaka kuifuta na ya Ephraimu. Mkono ulikataa, kwa sababu Eunike alikuwa anatazama. Akarudi kwenye kiti, akaendelea kuita.

"Kituo, Kituo, hapa Twiga Mbili."

Alikuwa Sylvanus.

"Antena ilikatika tangu Karatu, nimeifunga kwa waya hapa Makuyuni. Mimi mzima. Unanisoma, mama watoto?"

Agnela alicheka. Alicheka kwa nguvu huku machozi yanamtiririka, furaha ikamjaa, akasahau kila kitu. Eunike aliruka kutoka kwenye benchi akaja dirishani.

"Ni shemeji, eeh?"

"Yuko Makuyuni. Mzima."

Eunike akapiga kigelegele palepale, akaingiza mkono dirishani akaukamata mkono wa Agnela uliojaa chaki.

"Asante Yesu! Dada, nilikuona tangu muda ule ulivyobadilika, nikaogopa kukuuliza. Asante Yesu!" Kisha, bado akicheka, akanyoosha kidole ubaoni. "Na wangu je? Kumi na moja imeshapita hiyo. ETA yake sasa saa ngapi?"

Agnela akavua hedifoni akaziweka mezani, akafungua mlango, akatoka nje kwenda kwenye benchi. Eunike, akiwa bado anatabasamu, akasogeza kikapu cha ndizi ili ampishe nafasi ya kukaa.